Tulikwenda Kuyaona Makao Saa Kumi na Mbili Jioni

Makao ya kwanza ya wazee tuliyoyatembelea tukimtafutia Mama, mwenye ugonjwa wa kusahau, mahali pa kutunzwa, yaliyo upande wa juu wa mji wa Nakuru, yalikuwa safi kuliko nyumba yangu. Tulifika saa nne asubuhi, kwa miadi, mimi na dada yangu, tukapokewa na msimamizi aliyekuwa na faili mkononi na jibu la kila swali: milo mitano kwa siku, daktari kila wiki, ua lenye maua, ukuta mrefu na lango lenye mlinzi. Wazee kumi na wanane walikuwa wameketishwa sebuleni mbele ya televisheni, wamechanwa nywele na kufunikwa blanketi magotini, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa tulipoingia. Mimi niliuona utulivu huo kuwa sifa. Nilikuwa nimekwisha kutoa simu ili nilipe amana, ndipo dada yangu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilala chumba kimoja na Mama, alipouliza usiku wanabaki wahudumu wangapi.

"Mmoja," msimamizi akajibu. "Usiku huwa wanalala wote."

Dada yangu alishukuru, akaaga, na hakusema neno lingine mpaka tulipokuwa ndani ya matatu. "Watu wenye ugonjwa wa Mama hawalali usiku wote," akasema. "Kama kumi na wanane wanalala kwa pamoja, kuna kitu wanachopewa." Sijui kama alisema kweli kuhusu makao yale, wala sina ushahidi wa kuyashtaki, lakini tangu siku hiyo tulibadilisha namna yetu ya kutafuta.

Mama ana umri wa miaka 78. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na sisi watoto wote wanne tulizaliwa kwenye landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wake, hapa Nakuru. Alipostaafu, wazazi walirudi nyumbani Vihiga, karibu na mji wa Mbale, na huko ndiko Baba alikofia. Ugonjwa uliingia polepole, kiasi kwamba tuliutambua baada ya kuwa umekwisha kukaa. Mama angesimulia hadithi ileile mara tatu kabla chai haijapoa. Pesa alizozificha mwenyewe chini ya godoro zilikuwa, kwa maneno yake, zimeibwa na msichana wa kazi, na tuliwafukuza wasichana wawili kwa wizi ambao haukuwapo. Nikikumbuka hilo bado naona haya.

Tulimpeleka hospitalini Kisumu, na daktari, kabla ya kutaja ugonjwa wowote, alitaka kwanza kuondoa mambo yanayotibika: upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, na hata baadhi ya dawa ambazo wazee hutumia kwa maradhi mengine, kwa kuwa kila moja kati ya hayo linaweza kumvuruga mtu akadhaniwa amepotewa na akili. Naomba yeyote anayesoma haya asiruke hatua hiyo kwa kudhani kwamba kusahau ni uzee tu. Kwa Mama, vipimo vilitufikisha kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huenda ukawa chanzo cha visa 60 hadi 70 kati ya kila 100 vya dimenshia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Hauna tiba ya kuuondoa. Kwa kawaida hula kwanza kumbukumbu za jana na juzi na kuziacha za zamani, ndiyo maana Mama, asiyejua kama amekula, anaweza kuwataja majirani wote wa landi mlango kwa mlango.

Jioni ndiyo saa yake ngumu. Jua likianza kushuka, Mama huanza kuzunguka chumba, huvuta mapazia, hufunga nguo kwenye leso, na husema ni lazima awahi nyumbani kabla Baba hajatoka zamu. Madaktari wanaijua sana hali hii ya kuhangaika wakati wa machweo, na huihusisha na uchovu wa kutwa, mwanga hafifu unaofanya vivuli vionekane kama watu, na kuvurugika kwa ile saa ya mwili inayotofautisha usiku na mchana. Kwetu haikuishia machweoni. Usiku mmoja saa nane, wakati dada yangu alikuwa amepitiwa na usingizi, Mama alifungua mlango akatoka, na mwendeshaji wa boda boda akamkuta barabarani akiwa amevaa petikoti tu.

Msomaji wa magharibi mwa Kenya ameshaelewa hofu yetu. Kwetu, na kwa majirani zetu Waluo, mtu anayetembea usiku nusu uchi ana jina lake, na hilo si jina la ugonjwa. Kuna vijiji ambako mkimbiaji wa usiku, mtu anayeaminiwa kuzurura uchi gizani na kurusha mawe juu ya bati za watu, huchekwa tu, lakini kuna mahali ambapo mambo hayaishii kwenye kicheko: Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wachawi. Kijana wa boda boda alimtambua Mama kwa sababu aliwahi kusoma na mpwa wangu. Angekuwa mtu mwingine, sijui.

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumapili mbili baadaye. Mjomba alisema kwamba katika ukoo wetu mama hatupwi, na wazee wengine wakaitikia kwa kichwa, kisha wakanywa chai na kurudi makwao wakamwacha dada yangu na Mama. Nililikasirikia neno lile "kutupwa" kwa muda mrefu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Lakini familia, katika matumizi ya kila siku, humaanisha binti mmoja ambaye hakuolewa au ambaye ndoa yake ilivunjika, na dada yangu alikuwa ameacha kazi yake ya kushona, amepungua kilo, na ameanza kuwa na shinikizo la damu akiwa na miaka 46.

Tukaanza kutafuta. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba makao mengi tuliyoyapigia simu humchukua mzee anayejimudu, na yakisikia kwamba anazurura usiku hukata maneno kwa adabu. Jambo la pili sikulitarajia kabisa, nalo ni lugha. Mtu mwenye ugonjwa huu ambaye alijua lugha kadhaa mara nyingi huzipoteza kwanza alizojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Mama, aliyeuza mboga sokoni Nakuru kwa Kiswahili na kubishana bei kwa Kikuyu, sasa huzungumza Kimaragoli, Kiluhya cha kwetu, karibu peke yake, hasa akiwa na hofu. Makao ya pili tuliyoyaona, karibu na Kisumu, yalikuwa mazuri kweli: wahudumu wengi, watu wapole, safari fupi kutoka Vihiga. Lakini wahudumu wote walizungumza Kiluo, na walipomkaribisha Mama kwa upendo wakimwita "dani", yaani nyanya, yeye alimshika dada yangu mkono na kumuuliza, kwa Kimaragoli, watu hawa watatuachilia lini. Hawakuwa na kosa lolote. Hata hapa Nakuru, ambako kila mwanamke mzee siku hizi huitwa "shosho", neno la Kikuyu la nyanya, Mama haitikii, kwa kuwa hajawahi kuwa shosho wa mtu.

Kwa makao ya tatu, yaliyo upande wa Lanet hapa Nakuru, dada yangu alitoa sharti: hatutapiga simu kwanza, na tutafika saa kumi na mbili jioni. Mlinzi alitusimamisha langoni, lakini msimamizi, ambaye ni muuguzi mstaafu, alitoka mwenyewe akiwa amekunja mikono ya sweta. "Mmekuja saa mbaya," akasema, "lakini karibuni."

Palikuwa na harufu kidogo ya mkojo, na ninaitaja kwa sababu makao ya kwanza hayakuwa nayo. Taa zote zilikuwa zimewashwa ingawa nje kulikuwa bado na mwanga, na mapazia yalikuwa yamefungwa ili wazee wasiyaone magiza yakiingia. Televisheni ilikuwa imezimwa. Wanawake watatu walikuwa mezani wakipukuchua maharagwe kwenye sinia, bila haraka, na baadhi ya maharagwe yalikuwa sakafuni. Mzee mmoja alikuwa akilitikisa lango la ndani na kupaza sauti kwamba atachelewa basi. Mhudumu kijana hakumwambia kwamba hakuna basi. Alimwambia, "Twende basi tukaangalie kama limefika," akamshika kiwiko, wakazunguka ua mara mbili, na waliporudi mzee alikuwa akizungumza habari za njaa. Wazee walikuwa kumi na wanne, wahudumu watatu saa hiyo, na wawili wa kukesha, wakiwa macho.

Tuliuliza mengi, na nitataja yale tu ambayo majibu yake yalitusaidia kuamua. Tuliuliza mzee akisumbua hupewa dawa gani, nani huiandika, na kama familia huarifiwa, kwa sababu zile dawa za kutuliza akili zinazotumika kwa magonjwa kama skizofrenia huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo tangu 2005. Muuguzi alitaja wazee wawili waliokuwa wakizitumia, sababu ya kila mmoja, na tarehe ambayo daktari angezipitia upya. Tuliuliza kama huwafunga kwenye viti. Alitufungulia daftari la kuanguka, lenye tarehe, saa na mahali, akasema: "Sisi hatufungi, kwa hiyo wengine huanguka. Mkitaka mahali ambapo hakuna anayeanguka, ulizeni wanafanyaje." Dada yangu aliuliza mzee akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili wao hufikiria nini, na jibu lilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, kukosa maji mwilini, au maumivu ambayo hawezi kuyaeleza. Lilikuwa jibu sahihi. Tulilijua kwa sababu mwaka uliotangulia sisi wenyewe tulimwacha Mama siku nne tukidhani ni ugonjwa umezidi, kumbe ni mkojo.

Kisha muuguzi akamwita mhudumu mmoja kutoka jikoni, mwanamke wa Sabatia, huko kwetu Vihiga, na tulipomleta Mama wiki iliyofuata, huyo ndiye aliyempokea. "Mirembe, guku," akamsalimu kwa Kimaragoli, yaani "Amani, nyanya." Mama akaitikia, akamuuliza ni binti wa nani, na wakaanza kutafutana kwenye koo.

Sitaki kuyapaka makao hayo rangi. Bafu lina sakafu inayoteleza, na vyuma vya kushikia ukutani tulivigharimia wenyewe. Umeme ukikatika hutumia taa za kuchaji. Wali wao haufai, ingawa ugali kwa mrenda Mama humaliza. Ada ni shilingi 42,000 kwa mwezi, mbali na pampasi za watu wazima. Fedha za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 70, zinanunua sehemu ya pampasi hizo. Mchango wa SHA, mpango wa bima ya afya ya taifa uliochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umetusaidia Mama alipolazwa hospitalini, lakini chumba na matunzo ya makao tunalipa wenyewe, watoto wanne, na mmoja wetu huchelewa kila mwezi na kila mwezi ana sababu mpya.

Kabla ya kutia saini tulisoma mkataba mara mbili na kuomba mambo matatu yaandikwe: kwamba hatatolewa siku atakaposhindwa kuinuka kitandani, kwamba ada haitapandishwa bila taarifa ya miezi miwili, na hospitali gani apelekwe usiku na nani apigiwe simu. Kuhusu mashamba nitasema kidogo tu, kwa sababu jeraha bado ni bichi: mmoja wetu alimwekesha Mama kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakuielewa, na wakili alitueleza kwamba mtu asiyeelewa anachokitia saini hawezi kumpa mwingine mamlaka juu ya mali yake, na kwamba njia iliyobaki ni mahakama iteue wa kusimamia mali yake. Mambo hayo hufanywa mapema, wakati mzee bado anakubali na kukataa kwa kujua.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Mama alilia, akakataa kuoga, na siku moja alinitazama akaniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Dada yangu alilala kwangu kwa siku tatu mfululizo, akiamka tu kula. Tulimpelekea Mama redio ndogo, ikawekwa kwenye kituo kinachotangaza kwa Kiluhya, na leso yake ya zamani, ambayo bado hufungia nguo jua likishuka. Wahudumu huzirudisha kabatini akisha kulala.

Mjomba alikuja kumwona mwezi uliopita. Alikaa nusu saa, akanywa chai, akala ndizi mbili, na alipokuwa akiondoka alimuuliza muuguzi, kwa sauti ya chini akidhani sisikii, kama wanapokea pia wanaume.

Mimi hupiga simu saa kumi na mbili jioni, kwa sababu asubuhi kila mtu huwa hajambo. Jana mhudumu wa Sabatia alisema kwamba Mama ameuliza kama treni ya Baba imefika, akaambiwa imechelewa Londiani, akasema hilo ni kawaida yake, na akarudi kwenye maharagwe. Alipukuchua sinia mbili.