Maji ya bamvua na straipa: nilivyovua usiku mlangoni mwa Merrimack

Mto Merrimack unapita Lowell, mji ninaokaa huko Massachusetts, Marekani, kisha unaingia Atlantiki kati ya Salisbury na Plum Island, mwendo wa gari usiofika saa moja. Mimi ni mtoto wa Kipini, pale Tana inapomwaga maji yake, kwa hiyo mlango wa mto nimeuzoea. Vigeni kwangu vilikuwa samaki wenyewe, baridi, na saa za maji.

Samaki ninaowafuata ni wawili. Straipa ana rangi ya fedha na mistari myeusi saba au minane inayoanzia nyuma ya mashavu hadi mkiani. Blufishi ni mdogo zaidi lakini ana meno ya kukata mshipi. Septemba wote wanakula kwa pupa kabla ya kushuka kusini, maana watoto wa heringi na wa menhadeni, samaki wadogo wanaoliwa na wakubwa, wanatoka mitoni kwa makundi. Wavuvi wengi wa hapa huja alfajiri au magharibi. Usiku ndio bora, kwa sababu straipa wakubwa husogea karibu na pwani kuliko mtu anavyodhani. Septemba 1982, usiku wa dhoruba, mvuvi Al McReynolds alimtoa straipa wa kilo 35 na zaidi akiwa amesimama kwenye ukuta wa mawe huko Atlantic City, na rekodi yake ya dunia haikuvunjwa hadi 2011.

Kwanza niliweka sawa hesabu ya maji. Kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Huku, siku hizo hizo, hujaa karibu na saa sita na kupwa karibu na saa kumi na mbili. Kila siku inayofuata unaongeza kama dakika 50. Nilipoyaona hayo nilifurahi sana, kwa sababu mwezi ukiandama napata vitu viwili kwa pamoja: giza totoro usiku kucha, na ufuo ulio wazi jioni kabla jua halijazama.

Jioni hiyo ndiyo kazi yenyewe. Fimbo zinabaki garini. Mimi na shemeji yangu tunatembea ufuo mzima maji yakiwa yamepwa, tunatafuta mafungu ya mchanga na mahali yalipokatika. Wimbi likivunjika kwa povu jeupe, hapo pana fungu. Mahali ambapo wimbi linapita bila kuvunjika, na mchanga wa chini umechongwa ukawa mfereji, hapo pana mlango. Maji yakijaa, vidagaa na samaki wanaowala huingia kwa mlango huo. Yakianza kupwa hutokea hapo hapo. Nikiupata, nashika alama mbili kwa mstari mmoja, kama tulivyokuwa tukishika mnazi na paa la msikiti: huku ni taa ya nyumba fulani na kigingi cha uzio nyuma yake. Saa nne usiku huoni chochote, lakini alama zako zikilingana unajua umesimama wapi.

Mara ya kwanza kwenda naye shemeji aliniuliza, "Shem, mbona hutupi mbali? Wenzetu wote wanatupa mbali." Nikamwambia atupe pembeni, mshipi upite sambamba na ufuo, juu ya mfereji. Fimbo ya mita tatu inatosha.

Chambo changu ni mkunga hai. Namweka kwenye barafu ili apoe na atulie, namshika kwa kitambaa maana bila kitambaa hashikiki, kisha namtia ndoana ya duara kupitia taya la chini. Ndoana hiyo ndiyo sheria inayotaka kwa chambo cha asili, nami naipenda kwa sababu humshika samaki pembeni mwa mdomo. Unavuta polepole sana, polepole kuliko unavyotaka, kidole kikiwa juu ya mshipi. Straipa hugonga mara moja, kwa uzito, halafu kimya. Usinyanyue fimbo kwa nguvu! Acha mshipi unyooke, zungusha rili, naye atajinasa mwenyewe. Ukivuta mkunga ukakuta ameliwa nyuma, amebaki kichwa tu kilichokatwa safi, huyo ni blufishi. Badilisha uweke chambo bandia cha mbao chenye waya mbele. Usiku nachagua cheusi, kwa kuwa samaki anakiona kutoka chini kama kivuli.

Taa ya kichwani naiwasha nikiwa nimegeukia nchi kavu tu. Suruali ya mpira lazima ifungwe mkanda kiunoni, na karibu na mdomo wa mto hatupiti magoti, maana mkondo wa maji ya kupwa pale unabeba mtu. Wala hatuendi peke yetu.

Sheria ya Massachusetts inataka leseni, na inaruhusu straipa mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi chini ya 31. Wengi tunaowapata ni wakubwa au wadogo kuliko hapo, na tunawarudisha. Namshika mdomo wa chini, unaokwaruza kama msasa, nikimwelekeza kichwa kwenye mkondo hadi akibane kidole changu kwa nguvu, hapo namwachia. Blufishi usimtie kidole mdomoni kabisa, tumia koleo.

Blufishi nao wana idadi maalumu inayoruhusiwa kwa kila mtu. Namchinja matamvua papo hapo damu itoke, namtia kwenye barafu, na asubuhi mke wangu anamchoma na kumpaka tui zito, ukwaju na pilipili. Ni samaki wa mafuta, hakai, kwa hiyo wa kwetu huliwa siku ile ile.