Kufuta "baraza" na kuandika "kaunti" si kurekebisha sheria

Kaunti yetu hapa Kenya ilipotaka sheria mpya ya kero, yaani usumbufu barabarani na sokoni, mshauri aliyelipwa hela nzuri alituambia tuchukue sheria ndogo za baraza la manispaa la zamani, kila penye "baraza" tuandike "kaunti", kisha tupeleke mswada kwenye bunge la kaunti. Nilikataa. Jedwali la Sita la Katiba linaruhusu sheria za kabla ya Agosti 2010 ziendelee, zikisomwa kwa kuafikiana na Katiba. Lakini ukizipitisha upya zimekuwa zako, na Kifungu cha 24 kinakutaka useme wazi ni haki gani unaibana na kwa kiasi gani.

Nilianzia mkiani, kwenye adhabu. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinakataza rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa yetu yote yalikuwa humo, lakini kanjo, askari wa kaunti, waliruhusiwa kumfungia mchuuzi mpaka alipe! Tukaweka samansi, hati ya kumwita mtu kortini. Bidhaa zikikamatwa, stakabadhi inatolewa papo hapo: "kreti 2 za nyanya, mizani 1", si "bidhaa mbalimbali". Bila hivyo, mtu akidai mali yake kwa Kifungu cha 40 huna la kumjibu.

Kazi tamu ilikuwa kwenye maneno ya ukungu. Mwaka 2016, katika kesi ya Andare, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa sababu maneno kama "kuudhi" hayamwambii mtu mpaka wa kosa uko wapi. Sheria ndogo zetu zilijaa maneno hayohayo. Kila kifungu nilimsomea askari, kisha mchuuzi, kila mmoja peke yake: anayechoma mahindi stejini saa kumi na mbili jioni, amekosa? Majibu yakitofautiana, kifungu kinaandikwa upya. "Kumkera mpita njia" kikawa kuacha chini ya mita 1.5 za njia ya miguu. Futi kamba inamaliza ubishi. Kosa la kuzurura tulilifuta kabisa; Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilishatoa maoni yake dhidi ya sheria za uzururaji Desemba 2020, na ingawa ni ushauri tu, yaliwatuliza wabunge wa kaunti waliokuwa wakivuta miguu.

Kwenye kufuta sheria za zamani, taja kila tangazo la kisheria (lile lililozichapisha rasmi) kwa nambari na mwaka. Kaunti moja imerithi mabaraza kadhaa, na soko la mpakani laweza kuwa na sheria mbili. Kesi zilizoko kortini ziwekee kifungu cha mpito, kinachosema zitaendeleaje.

Maoni ya umma usiyafanyie mzaha. Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 iliangushwa na Mahakama Kuu 2014 kwa hilo, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo 2017. Pesa nyingi ziliishia kwenye matangazo ya redio na chai, lakini kilichotukinga ni ripoti inayoeleza maoni gani yalikataliwa na kwa nini.

Gavana ana siku 14 za kutia saini, uchapishaji kwenye Gazeti Rasmi ni ndani ya siku 7, na sheria huanza siku ya 14 baada ya hapo, kama yenyewe haikutaja tarehe nyingine. Muda huo tuliutumia kukusanya vitabu vyote vya zamani vya mashtaka. Kimoja kikibaki mfukoni mwa askari, ataandika nambari ya sheria iliyofutwa, na hakimu ataitupa kesi asubuhi hiyohiyo.