Nilivyopata kumbukumbu za wazee wa Morogoro juu ya Mbaraka Mwinshehe

Kila niliyemweleza kwamba nataka kukusanya kumbukumbu za mashabiki wa Mbaraka Mwinshehe alinipa ushauri uleule: andaa maswali, yachapishe, wapelekee wazee wajaze. Wa pili akaongeza kwamba nifungue kundi la WhatsApp, kila mmoja atume sauti yake. Ushauri huo niliufuata wote na sitamshauri mtu yeyote aufuate. Fomu zilirudi na maneno ya msibani: "Alikuwa mpigaji hodari, Mungu amrehemu." Karatasi baada ya karatasi, hodari, hodari, hodari. Kundi la WhatsApp likajaa salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Mtu aliyecheza dansi usiku kucha mwaka 1970 hawezi kukueleza usiku ule kwa kujaza kisanduku cha mistari mitatu.

Kwa wasiomjua: Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe. Katikati ya miaka ya 1960 akaingia Morogoro Jazz, na kwa gitaa lake la solo na sauti yake bendi ile ya mkoani ikawa inasikilizwa nchi nzima kupitia Radio Tanzania. Mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Akafariki Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, umri miaka 34. Katika bendi zote za jazz za enzi ile, na zilikuwa nyingi, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, mimi sijasikia gitaa linalozungumza na mwimbaji kama lile. Huo ni msimamo wangu na siubadilishi.

Kilichonifungulia njia ni kanda ya marehemu mjomba. Alikuwa akirekodi nyimbo redioni, na kanda yake moja ilikuwa na Morogoro Jazz upande wa kwanza na Cuban Marimba, bendi nyingine ya Morogoro, upande wa pili. Haikuwa inapiga. Ndani ilikuwa imekatika, na lile ganda lake ni la kugandishwa, halina skrubu hata moja. Fundi mmoja aliniambia niitupe, nyimbo zote ziko mtandaoni. Ziko, kweli, baadhi. Lakini mtandaoni hakuna sauti ya mtangazaji wa wakati ule akitaja jina la bendi kabla ya wimbo kuanza, na sauti hiyo, kama nitakavyoeleza, ilifanya kazi kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Basi nikanunua kanda nyingine kuukuu yenye skrubu, kwa hela ya chai tu, nikaifungua nikatoa utumbo wake. Ile ya mjomba nikaipasua kwa kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, nikianzia kwenye kona ya juu ambako ndani hakuna kitu cha kukatwa. Hapo ndipo mikono inatakiwa itulie. Zile roda mbili zinazozungushiwa mkanda, ukiziinua bila kuzibana kwa vidole, mkanda unafumuka mezani na hutaurudisha leo wala kesho. Mimi nilizibana pamoja, nikazihamisha kwa mkupuo mmoja hadi kwenye ganda jipya. Ncha zilizokatika nikazikata mshazari, nikazikutanisha bila kupandana, nikabandika kipande chembamba cha solotepu upande wa nyuma, ule usiogusa hedi, kile kichuma cha redio kinachosoma mkanda. Watu wanabandika upande wowote kisha wanashangaa hedi inachafuka. Kabla ya kupiga, nikaupeleka mkanda wote mbele na kuurudisha nyuma, maana ukikaa miaka unashikana.

Ikapiga. Ila sauti ilikuwa nzito, imeziba, gitaa linasikika kama liko chumba cha pili. Hapa ndipo ninapojivunia zaidi. Kila redio iliyorekodi ina hedi iliyokaa kwa pembe yake, na ukipiga kanda kwenye redio nyingine ambayo hedi yake imekaa tofauti kidogo tu, sauti nyembamba zote zinapotea: solo, matoazi, herufi s ya mwimbaji. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi chini yake. Niliweka alama ya kalamu mahali ilipokuwa, nikawasha wimbo, nikaizungusha kwa bisibisi ya saa huku mkanda ukitembea. Robo ya mzunguko hivi, kisha kidogo tena. Ghafla gitaa la Mbaraka likatoka mbele. Nyuzi zikasikika moja moja, na nyuma yake gitaa la ridhim lililokuwa limefichika kabisa likajitokeza. Nilikaa nikausikiliza wimbo mzima, nikaurudisha, nikausikiliza tena. Kazi ya kuingiza kwenye kompyuta ilifuata, waya mmoja na programu ya bure, haina maelezo.

Kuanzia siku hiyo sikuuliza maswali tena. Nilibeba redio kaseti na betri za akiba (betri za akiba ni lazima, ukikatika umeme katikati ya solo mazungumzo nayo yanakatika), nikaenda kwa wazee wa Mji Mpya na Mwembesongo. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha: "Baba, nina kanda ya mjomba, naomba unisikilizie kama imepona." Simtajii jina la bendi. Nabonyeza tu, na kwanza anasikia yule mtangazaji.

Mzee mmoja aliyestaafu reli, ambaye kwenye fomu yangu alikuwa ameandika hilo hilo la "hodari", alimsikia mtangazaji akatulia kabisa. Gitaa lilipoingia akaweka kikombe chini na vidole vyake vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya paja, vikipanda na kushuka, vikibana nyuzi ambazo hazipo. "Subiri," akaniambia, "hapa anaimba, sasa hivi gitaa linamjibu. Umesikia? Sasa wimbo unachemka." Na kweli ukachemka pale pale aliposema. Ndipo akanieleza kwamba yeye na wenzake, hawana hela ya kiingilio, walikuwa wakisimama nje ya ukumbi dirishani, mmoja anapewa kazi ya kuangalia mkono wa kushoto wa Mbaraka, mwingine mkono wa kulia, halafu njiani wanarudi nyumbani wanaunganisha walichokiona. Hakuna fomu duniani ingeyatoa hayo.

Jambo jingine nililolijua kwa kufanya: usianze na "Shida". Ni wimbo mkubwa, ulitamba hadi Kenya, kila mtu anaujua, na kwa sababu hiyo kila mtu anasema yaleyale juu yake. Anza na ule ambao mzee hajausikia miaka mingi. Mama mmoja nilimwekea ule wa kumwomboleza Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971. Akaniambia kwao gazeti halikuwa likifika kila siku, na mkasa ule aliuelewa vizuri kwa wimbo kuliko kwa taarifa. Akaendelea mwenyewe, bila mimi kusema neno, mpaka akafika kwenye harusi yake.

Yeye, kwa taarifa yenu, ni shabiki wa Cuban Marimba. Morogoro ilikuwa imegawanyika hivyo: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na baada ya Salum kufariki kwa ajali mwaka 1965 akaishika Juma Kilaza, upande wa pili Morogoro Jazz. Mumewe alikuwa wa Morogoro Jazz. "Tulikuwa tunatoka nyumbani pamoja, mwanangu, tukifika mjini kila mtu na ukumbi wake." Ndiyo maana nakwambia, wapange wawili wa pande mbili wakae pamoja. Shabiki peke yake anasifia. Shabiki mbele ya mpinzani wake anatoa ushahidi. Nani alipiga lini, wapi, amevaa nini, wimbo gani ulikuwa jibu la wimbo gani. Nilipogeuza kanda upande wa Cuban Marimba, yule mzee wa reli akakunja uso, mama akapiga vigelegele, na hapo nikapata saa nzima ya mazungumzo ambayo sikuyachokoza mimi.

Safari ya Japani nayo kila mmoja anayo yake. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye Maonyesho ya Expo 70, kuiwakilisha Tanzania. Fikiria bendi ya mkoani, si ya mji mkuu. Wazee wakifika hapo wanakaa sawa kwenye kiti. Mmoja alinieleza kwamba mwezi ule, mtu wa Dar es Salaam akija Morogoro na majivuno yake, jibu lilikuwa neno moja tu: "Osaka." Nilicheka, naye akarudia kwa msisitizo, hakuwa anatania.

Tarehe msizitegemee kwa wazee. Hili la Mbaraka kuondoka Morogoro Jazz nimepewa miaka ya kila aina, na kila mmoja anaapa. Utambue wakati kwa mtindo wa dansi wa bendi: wakikumbuka kwamba walicheza Likembe, bado ni Morogoro Jazz; wakikumbuka Masika, tayari ni Super Volcano. Mtu anasahau mwaka, hasahau miguu yake ilifanya nini.

Habari za kifo chake niliziacha mwisho kila mara, na sikuziuliza kamwe. Zinakuja. Januari 1979 nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977, masikio yote yako redioni kusikiliza habari za vita. Mama yule anasema mumewe alipoambiwa alibishana na aliyemwambia, akamwita mzushi, akatoka kwenda kutafuta mtu mwingine wa kumwambia si kweli. Alizunguka hadi jioni.

Kila niliyemrekodi, kwa ruhusa yake, nilimrudishia nyimbo kwenye kadi ya memori aweke kwenye redio yake ndogo. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo iliyonifungulia nyumba zilizofuata, kwa sababu majirani walikuja wenyewe kuuliza yule kijana mwenye Mbaraka anapita tena lini. Sasa nina sauti nyingi kuliko nilivyotarajia na naendelea.

Na wewe mwenye kanda za baba au babu kabatini: zitoe leo, kwenye ukingo wa nyuma wa kila moja kuna vijino viwili vya plastiki, vivunje. Kanda isiyo na vijino redio haikubali kurekodi juu yake. Nyumba mbili nilizofika nilikuta wajukuu wamesharekodi mahubiri juu ya Morogoro Jazz.