Nilivyopata mahali pa kuihifadhi pikipiki wakati wa masika

Masika ya Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida huanza Machi na kuisha Mei, yalinikuta nikijiandaa kusafiri kwa miezi 3 huku pikipiki yangu ikiwa haina pa kulala. Uani kwangu Magomeni, upande wa bonde la Msimbazi, maji hupanda hadi nusu ya gurudumu. Kwa shemeji yangu Kigamboni kuna banda zuri, lakini liko hatua chache kutoka baharini, na upepo wa chumvi hula chuma hata chini ya paa. Hatimaye nilikodi kona ya stoo ya jirani wangu wa zamani huko Kimara, mahali palipoinuka, penye sakafu ya saruji na madirisha ya nondo yanayopitisha hewa. Nilijaza tangi petroli ili unyevu usipate nafasi ya kuleta kutu ndani, nikachomoa waya hasi wa betri, nikapaka cheni oili na kuiegesha kwa stendi kubwa. Turubai la plastiki nililikataa, kwa kuwa hufungia jasho. Nilifunika kwa shuka kuukuu, jambo lililomchekesha sana mwenye stoo. Niliporudi Juni, iliwaka kwa kiki ya tatu.