Kutoka karai hadi taili, na sasa nasoma ramani

Nilianza mjengo nikibeba karai huko Ruaka, miaka miwili hivi ni mchanga na kokoto tu, na mawe yakiisha ama simiti ikikosa kufika mnaambiwa mwende home. Hapo ndio niliona ukijua kitu kimoja tu utakaa njaa sana.

Kuna fundi alikuwa anapiga taili hapo site, nikamwomba wakati wa lunch anionyeshe, akanifunza kwanza kupata skwea: unapima 3 upande huu, 4 upande ule, ile ya mshazari ya kuunganisha ncha hizo mbili ikitoka 5 basi kona iko sawa, yaani hata mita ama futi ni ile ile. Alafu bafu lazima sakafu ilale kidogo kuelekea kwa shimo la maji, na ukiweka taili uigonge, ikilia tupu toa uweke gundi tena kwa sababu hapo chini kuna hewa na itapasuka tu. Hiyo ya kugonga sijawahi kuacha!

Baadaye nikafanya mtihani wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya kupima mafundi, Gredi ya 3 ile ya kuanzia, karatasi ikasaidia sana kwa makontrakta wale hawakujui.

Saa hii nasoma ramani za nyumba jioni. Foreman wetu ameanza kuniachia nipime kuta kabla mawe yapangwe na naskia poa sana, juu mwaka jana nilikuwa nashika tu kamba.