Siku moja maishani mwangu: kazi ya kumwambia mteja "hapana" katikati ya ziwa

Watu wakisikia kwamba nawapeleka wageni kuvua kwa fimbo hapa Jinja, Uganda, kwenye Ziwa Victoria, jibu lao ni moja: "Wewe unalipwa kuota jua." Shemeji yangu ameenda mbali zaidi, ananiita mtalii. Basi leo nawasimulia Jumamosi iliyopita, muone jua hilo linavyootwa.

Saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni Masese. Kufuta maji yaliyoingia botini usiku, kutia mafuta, kuhesabu majaketi, kusafisha plagi. Kijana wangu Musa anakuja na ndoo ya nkejje hai, wale samaki wadogo wa ziwani, chambo cha sangara. Mteja alipaswa kufika saa kumi na mbili na nusu. Alifika saa mbili kasoro, rolex mkononi (si saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai), na sanduku la ndoano kubwa kuliko begi la shule la mwanangu.

Alikuwa Mkenya wa Nairobi, makamo ya kaka yangu mkubwa. Nilifurahi moyoni. Nimekulia karibu na kambi ya jeshi, nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kugombana na ya kupatana, lakini wateja wengi nawapata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Huyu tulisalimiana vizuri mpaka akasema: "Kepteni, mimi nimevua bass Naivasha tangu ujana. Leo wewe pumzika, utanitazama tu."

Hapo nikajua siku itakuwa ndefu.

Kwa wasiomjua, bass ni samaki wa Marekani aliyeletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Sifa yake kubwa kwa wavuvi wa fimbo ni hasira. Dume hufagia chini kwa mkia mpaka apate kiota, jike hutaga na kuondoka, halafu baba anabaki peke yake kulinda mayai, na baadaye vifaranga. Chochote kinachokatiza pale anakiuma. Kwa hiyo kule Marekani kuna watu wanaovaa miwani ya kukata mng'ao wa maji, wanatembea taratibu kandokando, wakiona kiota wanamrushia samaki huyo chambo cha plastiki, mara nyingi mjusi mweupe. Mweupe si kwa ajili ya samaki, ni ili mvuvi mwenyewe amwone. Anakiacha ndani ya kiota, anakitikisa, anakitoa, anakirudisha. Mara ya kwanza samaki anakisukuma. Mara ya kumi anakibeba mdomoni akakitupe nje, na hapo ndipo anaponaswa.

Haya yote nilielezwa na mteja kabla hatujavuka gugumaji. Nilikuwa nayajua, kwa sababu wateja huongea na simu yangu ina intaneti, lakini kazi yetu ni pamoja na kusikiliza kama mtu asiyejua.

Saa tatu tukaingia kwenye ghuba moja ndogo ambayo siitaji jina. Upepo ulikuwa umelala na maji yametulia kiasi cha kuona mchanga chini. Na mchangani, mabakuli: viota vya ngege, yaani tilapia, kila kimoja na dume wake juu yake, mapezi yamepata wekundu. Huwa napitisha wageni pale watazame. Hatuvui pale. Hiyo si sheria ya serikali, ni sheria ya boti yangu.

"Simamisha!" Mteja alikuwa ameshasimama. Miwani ikavaliwa, sanduku likafunguliwa, na mjusi mweupe akatoka.

"Bosi, hapa tunaangalia tu."

"Kwa nini?"

"Huyu hana njaa. Anafukuza mgeni mlangoni."

"Si ndiyo akili yenyewe, kepteni! Samaki mwenye njaa hata mtoto anamvua. Huyu unamvua kwa kichwa."

Nikamwambia hata huko alikoitoa akili hiyo hawajakubaliana. Wako wanaoshinda mashindano kwa njia hiyo na wako wanaoiona ni kuvizia baba aliye kazini, kwani bass akiondolewa kiotani, samaki wadogo hawangoji, wanavamia mayai papo hapo. Kusini mwa Ontario, Kanada, uvuvi wa bass hufungwa mpaka Juni ili wamalize kulea. Wao wanaweza kufunga kwa sababu bass wao huzaa pamoja, maji yakianza kupata joto baada ya baridi. Sisi tuko kwenye ikweta. Ngege huzaa mwaka mzima, mvua zikizidisha kidogo. Ukisema ungoje msimu uishe utangoja mpaka uzeeke.

Sasa mtu huyu hakuwa mjinga, na ndiyo maana alinichosha. Alifikiri kidogo, akasema: "Lakini ngege mama ndiye anayebeba mayai mdomoni, si kweli? Dume hana anachokilinda hapo. Ni kiwanja tu. Nikimtoa, mtoto gani ameumia?"

Kweli kabisa. Jike wa ngege hutaga kiotani, huyachukua mayai mdomoni na kukaa nayo, kisha vifaranga, wiki moja hadi mbili, bila kula au akila kidogo mno. Dume anabaki kumsubiri jike mwingine. Kwa hesabu ya mayai peke yake, mteja alikuwa amenifunga bao.

"Sawa bosi," nikasema, "ila ndoano haichagui. Majike wako papa hapa."

Nikageuka kumsaidia Musa na kamba ya nanga. Nikasikia mlio wa mshipi ukitoka.

Alipovuta mara ya pili, fimbo ikapinda. Kilichokuja hakikunaswa mdomoni, ndoano iliingia ubavuni. Jike, shavu la chini limevimba. Nilipomshika akafungua mdomo na mayai yakamwagika: ya manjano iliyokolea, mengine kwenye kiganja changu, mengine kwenye mbao, mengine majini. Katika machache niliyoyaona vizuri, vidoa vyeusi vya macho vilishatokea. Nikamchomoa ndoano haraka (vijino vya ndoano zangu zote nimevibana kwa koleo, lakini hiyo ilikuwa ya kwake), nikamshusha majini nikimshikilia mpaka akaondoka mwenyewe. Hakugeuka kutafuta kitu. Nkejje walishafika kwenye mayai.

Musa akasema tu, "Ssebo," yaani "bwana" kwa Kiganda.

Nikavuta nanga, nikawasha mashine.

"Nimelipa, kepteni."

"Umelipia boti na sangara, bosi. Twende kwa sangara."

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Tulikokota chambo pembeni ya vizimba vya kufugia ngege, tukazunguka mwamba, tukarudi. Majani yananasa kwenye ndoano, Musa anayatoa, yananasa tena. Mteja amenipa mgongo. Ukimya wa mteja kwenye boti ya mita nane ni mzito kuliko mashine yenyewe. Jua liko kichwani, moshi unarudi usoni, maji ya kunywa yamekuwa ya uvuguvugu, na wewe huruhusiwi kununa kwa sababu wewe ndiye mwenyeji. Nikamwonyesha ndege. Hakutaka ndege. Mchana ukapita hivyo, na kidogo cha alasiri.

Kisha rili ikalia.

Hapa lazima nimpe haki yake: anajua kuvua. Sangara aliporuka kutikisa kichwa, akashusha ncha ya fimbo mshipi usikatike. Hakuvuta kwa pupa, alimwacha akimbie, akamrudisha, akamwacha tena. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kuliweka boti upande mzuri. Tulipomtia kwenye neti, kilo saba hivi, mkono ulimtetemeka kama kijana.

Akauliza kwa kejeli kama huyu naye ana watoto. Nikamjibu kwamba sangara hana kiota, humwaga mayai maji wazi na kwenda zake. Huyu amepita sentimita 50, ni wa halali, mle. Wale majitu ndio tunaowarudisha, maana jike mkubwa hubeba mayai mamilioni. Akanitazama kama anayetafuta kosa, asilipate.

Mawingu yalitukimbiza. Tulifika Masese tumelowa, mawimbi yanaingia juu ya ubao. Wakati wa kulipa akapunguza shilingi elfu ishirini. Ya nini? "Muda wa hotuba." Musa akacheka mpaka akakaa chini. Mteja akambeba samaki wake.

Usiku, baada ya kuosha boti na kumwaga maji, nikiwa nakula, simu ikaita ujumbe. Anarudi Desemba na marafiki watatu, wote watu wa bass. Anauliza bei.

Nimemwambia imepanda kwa elfu ishirini kila kichwa, hotuba ikiwemo.