Pango kwenye pafu la Ami

Leo asubuhi Ami ametolewa mpira wa kifuani. Siku sita nimekaa kando ya kitanda chake nikiitazama chupa iliyowekwa sakafuni. Mpira unatoka ubavuni, unashuka, ncha yake inazama majini. Akivuta pumzi maji yanapanda kidogo, akitoa yanashuka. Akikohoa, mapovu. Siku ya kwanza mapovu yalikuwa mengi nikaingiwa na hofu. Muuguzi akanieleza kuwa ni upepo unaovuja pale pafu lilipokatwa, na maji yale ndiyo mlango: upepo hutoka, haurudi ndani. Juzi yakakoma. Nikamwomba Ami akohoe tena na tena nipate kuhakikisha, mpaka akanikaripia. Nilifurahi kukaripiwa.

Naandika haya kwa sababu ya miaka minne iliyotupotea.

Ami aliugua kifua kikuu mwaka 2016, wakati bado anapakua mizigo bandarini. Alimeza vidonge miezi sita bila kukosa hata siku moja, makohozi yakapimwa, akaambiwa amepona. Na kweli alipona. Ila ugonjwa ulipoondoka uliacha pango juu kwenye pafu la kulia, na hilo hatukuambiwa. Baadaye pango likapata mpangaji. Kuna kuvu iitwayo aspagilasi, mbegu zake zimo hewani kila mahali, sote twazivuta kila siku na mwili unazimaliza. Zikiangukia ndani ya pango la namna hiyo, zinaota taratibu mpaka zinakuwa donge.

Damu ilianza kama uzi mwekundu kwenye makohozi. Kisha kijiko. Kisha ikakatika miezi miwili, tukasema alhamdulillahi. Ikarudi. Damu hii ina hila: hukatika yenyewe, na chochote ulichokuwa ukifanya siku hiyo ndicho kinachopata sifa. Tulipompa asali na habasoda ikakatika, tukasifu habasoda. Zahanati moja ikamwanzishia upya dawa za kifua kikuu ilhali makohozi hayakuonyesha vijidudu vyovyote. Ikakatika tena, tukasifu dawa. Miezi sita mingine ya vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchukulia, na bado inaniuma.

Halafu ukaja usiku wa kopo. Ni kopo la maziwa ya unga ambalo mke wake alikuwa ameliweka chini ya kitanda, na usiku ule lilifika nusu. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akamlaza kwa ubavu wa kushoto ili ule mbovu wa kulia upate nafasi ya kupumua. Ndivyo tulivyovuka naye feri ya Likoni, mimi nimeshika kopo, yeye akikoroma kama mtu aliye majini. Tulipofika ng'ambo, muuguzi wa zamu alimgeuza upande wa kulia hata kabla ya kutuuliza jina. Ubavu unaotoka damu ndio unaolaliwa, ili damu isimiminike kwenye pafu zima. Anayekufa kwa damu ya kifuani mara nyingi hafi kwa kuishiwa damu. Hufa kwa kuzama. Njia zote za hewa, toka puani mpaka matawi ya ndani, hubeba kama mililita 150 tu. Hiyo haijazi hata kikombe cha chai.

Daktari wa upasuaji alituonyesha picha mbili za CT, moja Ami amelala chali, nyingine kifudifudi. Donge limehama! Lilikuwa likibingirika mle ndani kama mbata kwenye nazi iliyokauka. Akatueleza kuwa ukuta wa pango huotesha mishipa mipya inayolishwa na mshipa mkuu utokao moyoni, kwa hiyo damu yake ina nguvu. Na vidonge vya kuvu havifiki katikati ya donge kwa kuwa halina mishipa ya kuvipeleka. Kwanza alipelekwa Nairobi wakamziba mishipa hiyo kwa kipira chembamba kilichopitishwa kwenye nyonga, njia iliyoanzia Ufaransa miaka ya 1970. Tukapata wiki saba za amani. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ikizibwa mishipa hii, pango litaotesha mingine.

Ikabaki kukata. Kabla ya hapo alipulizishwa kwenye mashine, kisha daktari mwenyewe akapanda naye ngazi ghorofa mbili huku akimsikiliza anavyohema, kwani pafu litakalobaki lazima litoshe. Ndugu na jamaa tukatoa damu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, akaondolewa ya juu pamoja na pango lake. Saa tano ndani. Daktari alipotoka alisema kazi ngumu haikuwa kukata; ilikuwa kubandua, maana pafu lilikuwa limeganda kwenye ukuta wa kifua kama ukoko kwenye sufuria, na kila linapobanduliwa linatoa damu.

Nililiona donge. Lilikuwa kwenye kichupa, la kahawia, linamomonyoka, mithili ya pande la ukwaju uliokauka. Kitu kidogo vile.

Sasa Ami anafundishwa kupuliza glavu ya hospitali mpaka vidole visimame, ili pafu lililobaki litanuke lijaze nafasi. Jana alisimamisha vidole vitatu. Leo, baada ya mpira kutoka, vinne. Akaniita, "Mwanangu, njoo uone," akainyanyua ile glavu, na kidole gumba bado kimelala.